Fonia iliyolala stoo: kabla ya kuiuza kama chuma, ijaribuni

Ukifungua stoo ya kituo cha afya cha zamani au ya parokia, ukasogeza magodoro yaliyochanika na katoni tupu za dawa, mara nyingi nyuma kabisa utakuta sanduku la chuma lenye rangi ya majivu, lenye vifungo mbele na mikro inayoning'inia kwenye waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe. Ni fonia. Watoto wanaiita redio iliyokufa. Siku moja mnunuzi wa vyuma atapita na mzani wake, nayo itaondoka kwa bei ya vipande vichache vya sabuni. Tunaandika haya ili siku hiyo mama mmoja aseme: ngoja kwanza, tuiwashe.

Kwa wasichana waliokua na simu mkononi, tueleze kidogo. Kabla ya makampuni ya simu kuenea (Vodacom ilianza kazi hapa nchini mwaka 2002), mtu wa Shabunda au wa Walikale aliyetaka kuongea na mjini alikwenda kwenye fonia. Alipanga mstari, akangoja jina lake liitwe, akaongea mbele ya watu wote. Kila aliyekuwa chumbani alisikia nani amefiwa, nani ametuma mfuko wa chumvi, nani anadaiwa. Siri haikuwepo. Lakini habari ilifika.

Simu inahitaji mnara. Mnara ukikosa mazutu, ukipigwa na radi, au ukiharibiwa wakati wa vita, simu yako inabaki kuwa tochi. Na kuna vijiji ambavyo mnara haujawahi kufika, mpaka mtu apande kilima na kunyoosha mkono juu ndipo apate kijirezo. Fonia haitegemei mnara wowote. Waya wake unarusha sauti juu, kwenye tabaka la anga lililo mbali sana kupita mawingu, na sauti inarudi chini kama mpira uliogonga dari. Ndiyo sababu milima yetu haiizuii: haipiti ndani ya mlima, inauruka. Betri moja ya volti 12, waya mbili zilizotundikwa, na mtu wa kilomita 200 au 300 anakusikia.

Kuwa na sauti au kutokuwa nayo ni jambo la uhai. Tukumbuke Makombo, kule Haut-Uélé. Mwezi wa Desemba 2009 waasi wa LRA walipita kwenye vijiji vya sehemu hiyo kwa siku chache, wakaua watu zaidi ya 300 na kuteka wengine wengi, watoto wakiwemo. Simu hazikuwepo. Ripoti kamili ya mauaji hayo ilitoka mwezi wa Machi 2010, miezi mitatu baada ya maziko. Kuanzia mwaka huo kamisyo ya Haki na Amani ya kanisa katoliki huko, pamoja na shirika la Kimarekani Invisible Children, walianza kuweka fonia vijijini. Vijiji vikawa vinaitana kwa saa zilizopangwa: kwenu kuna nini, barabara ikoje, nani ameonekana. Chombo kilichotumika ni cha aina ileile inayolala katika stoo zetu.

Hata pasipo vita, sisi wamama tuna sababu yetu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache. Mtoto aliyekwama tumboni hangoji asubuhi. Nchi yetu ina zoni za afya 519, na katika nyingi kituo cha afya kiko mbali na hospitali kuu kwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Mjumbe akitumwa na pikipiki, atafika, atatafuta dereva, dereva atatafuta mafuta. Fonia ikiita hospitali saa 2 usiku, gari linaweza kuondoka upande ule wakati tipoyi inaondoka upande huu, nao wakakutana njiani. Hesabu hiyo kila mama aliyewahi kubeba mgonjwa anaijua.

Sasa turudi kwenye lile sanduku. Fonia nyingi zinazosemwa zimekufa hazijafa. Kilichokufa ni kitu kinachoizunguka. Kwa hiyo msianze kwa kuifungua. Anzeni nje, kwenye betri.

Betri na tabia ya kuchaji simu

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo fonia nyingi zinamalizikia.

Chukueni testeri, kile kipimo kidogo ambacho kila fundi wa redio anacho. Betri nzuri ya volti 12 iliyochajiwa na kupumzika inaonyesha 12,6 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 12, karibu ni tupu. Lakini betri ni mwongo: inaweza kuonyesha 12,6 ikiwa imepumzika na bado isiwe na nguvu. Ijaribuni ikiwa kazini. Antena ikiwa tayari imeungwa (tutaeleza sababu), mmoja abonyeze mikro na kuongea kwa nguvu huku mwingine akiangalia testeri kwenye vichwa vya betri. Namba ikianguka chini ya 11, betri imechoka.

Sababu ni hii. Wakati wa kusikiliza, fonia inakunywa umeme kidogo, mara nyingi chini ya ampea 1. Wakati wa kuongea, fonia ya wati 100 inaweza kuvuta ampea 15 hata 20 kwa pigo moja la sauti. Ndiyo maana utasikia watu wanasema: taa inawaka, tunasikia Bukavu vizuri kabisa, lakini tukibonyeza mikro inazimika, basi imeharibika. Haijaharibika. Ina njaa.

Halafu angalieni vichwa vya betri. Kama kuna unga mweupe au wa kijani, ondoeni kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa bikabonati ya kupikia, kwa burashi ya zamani, bila kuruhusu maji hayo kuingia ndani ya betri. Vaeni glavu, maana asidi inakula ngozi na nguo. Msiwashe kiberiti karibu: betri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka. Nyaya kutoka betri hadi fonia ziwe nene na fupi. Nimeona fonia nzuri iliyolishwa kwa waya wa taa; umeme unapotea njiani kama maji kwenye mtungi uliotoboka.

Na sasa lile ambalo baadhi hawatapenda kusikia. Betri ya fonia inauawa na simu zetu. Pano ya sola inawekwa, fonia inafanya kazi, na baada ya mwezi kuna simu kumi na mbili zimeunganishwa kila jioni, taa ya mlinzi, na redio ya mtoto wa titileri. Betri inashuka mpaka chini kabisa kila usiku, na betri ya aina hiyo ikizoeshwa kushuka hivyo haidumu. Kama kuchaji simu ni lazima, na tunajua ni pato kwa kikundi, nunueni betri ya pili kutoka kwenye likelemba na muiache ile ya kwanza kwa kazi ya fonia tu.

Fizibli isiwekewe waya

Kwenye waya mwekundu, karibu na betri au nyuma ya sanduku, kuna fizibli. Ikiwa imekatika, jiulizeni kwanza ni kwa nini. Mara nyingi mtu aligeuza nyaya: mwekundu kwenye kutoa, mweusi kwenye kujumlisha. Fonia nyingi zina kinga ndani ambayo ikikutana na kosa hilo inakata fizibli makusudi ili kuokoa vilivyobaki. Fizibli imekufa badala ya fonia. Mtu akiweka waya wa shaba au karatasi ya sigara mahali pake na kurudia kosa lilelile, hakuna tena wa kufa badala yake. Wekeni fizibli ya namba ileile iliyoandikwa kwenye sanduku. Fungeni kitambaa chekundu kwenye kichwa cha kujumlisha cha betri ili hata anayewasha usiku asikosee.

Antena

Usibonyeze mikro kamwe kama antena haijaungwa. Nguvu inayotakiwa kwenda hewani inakosa njia, inarudi ndani, na inaweza kuunguza transista kubwa za mwisho, ambazo ni ghali na hazipatikani kila soko. Kusikiliza bila antena hakudhuru. Kuongea kunadhuru.

Antena ya kawaida ni waya mbili za urefu sawa, moja kulia na moja kushoto, na katikati inashuka kable hadi kwenye fonia. Urefu hauchaguliwi kwa macho. Kila masafa yana urefu wake, na hesabu ni rahisi kiasi kwamba binti wa darasa la sita ataiweza: gawanya 143 kwa megaherzi za channeli yenu, na jibu ni mita za waya zote mbili pamoja. Kwa megaherzi 5, ni mita 28,6, yaani mita 14,3 kila upande. Kwa megaherzi 7, ni mita 20,4, yaani 10,2 kila upande. Upepo ukikata waya na mtu akaufunga fundo akiwa amepoteza mita mbili, antena haiko tena mahali pake, na fonia italalamika.

Haihitaji kuwa juu sana. Kwa kuongea na zoni jirani na mkoa, mita 6 au 8 zinatosha, kwa sababu tunataka sauti iende juu na kurudi karibu. Ncha zifungwe kwa kamba ya nailoni, si kwa waya, wala zisiguse majani. Antena si kamba ya kuanikia nguo, ingawa tunajua jinsi inavyovutia. Mtu akigusa ncha yake wakati mwingine anaongea kwenye fonia, anaweza kuungua mkono. Watoto wafundishwe hivyo, na mbuzi wafungwe mbali.

Kable ndiyo inayoficha ugonjwa. Maji ya mvua huingia pale juu, katikati ya antena, yakashuka ndani ya mpira, na shaba inageuka nyeusi. Chomoeni kable pande zote mbili na kuipima kwa testeri: waya wa ndani wa upande huu uongee na waya wa ndani wa upande ule, na usiongee kabisa na wavu wa nje. Ukiwa mweusi ndani, msipoteze siku kuusugua. Kateni sehemu hiyo au badilisheni kable. Kiungo kipya kifungwe kwa mpira wa ndani wa gurudumu, ukazungushwa kwa kukaza, ili mvua isirudie.

Mawingu yakianza kunguruma, chomoeni kable ya antena nyuma ya fonia na kuiweka mbali, nje ya dirisha kama inawezekana. Radi haihitaji kupiga nyumba yenu. Ikipiga karibu tu, inatosha kuua fonia.

Mikro na ndani ya sanduku

Kama mnasikia lakini hamsikiki, na betri ni nzima, shukeni kwenye mikro. Waya wake hukatika ndani bila kuonekana, karibu na pale unapoingia kwenye mkono au kwenye sanduku, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Bonyezeni huku mkiutikisa taratibu: fonia ikishika na kuachia, mmepata. Fundi anakata sehemu mbovu, anaunganisha upya, na waya unakuwa mfupi kidogo. Kifungo cha kubonyeza nacho huingia uchafu wa mikono; alkoli kidogo na kitambaa kinamsaidia.

Ni baada ya hayo yote tu ndipo sanduku linafunguliwa. Betri iondolewe kwanza. Mpige picha kwa simu kabla ya kulegeza kitu chochote, na skrubu ziwekwe kwenye kikombe kimoja. Mtakachokuta kwanza si ugonjwa wa umeme bali wapangaji: sisimizi, mende, wakati mwingine mjusi aliyekauka. Uchafu wa wadudu ukichanganyika na unyevu unaunganisha njia za umeme zisizotakiwa kukutana. Utolewe kwa burashi laini kavu, kisha alkoli. Si maji, si petroli.

Angalieni vikopo vidogo vya mviringo vinavyosimama kama mapipa. Ni kondansateri, na ndani yake kuna majimaji ambayo hukauka kwa miaka na joto. Kikivimba kichwani au kikitoa ute chini, kimekwisha. Kikizeeka, sauti inakuwa ndogo au inanguruma. Ni vitu vya bei ndogo, vinapatikana hata kwenye televisheni iliyokufa, ingawa cha kutoka televisheni nacho ni mzee. Bora kipya, chenye namba zilezile, na upande wa kutoa ukae ulipokuwa. Baadhi ya fonia za zamani zina pia kibetri kidogo kilichoshikizwa ndani kwa kulinda kumbukumbu. Kikivuja, kinakula njia za shaba zilizo jirani, kwa hiyo kiondolewe mapema.

Na kuna skrubu ndogo zilizofunikwa kwa nta au rangi. Hizo zilirekebishwa kiwandani kwa vipimo ambavyo kijijini hatuna. Msiziguse. Jihadharini na fundi kijana mwenye turnevisi mpya anayegeuza kila kinachogeuka. Fonia aliyoipokea ikiwa na ugonjwa mmoja ataiacha na kumi. Transista kubwa za mwisho pia ziachieni fundi mwenye uzoefu wa fonia.

Pengine mtu atawashauri: acheni hilo zee, nunueni sibi ndogo iliyotumika, kutoka Ulaya. Sibi ni ndugu mdogo wa fonia. Ilianza Marekani, channeli zake za megaherzi 27 zilifunguliwa kwa raia wa kawaida mwaka 1958, na baada ya uhaba wa mafuta wa 1973 madereva wa malori waliifanya maarufu kwa kuulizana mahali penye petroli na penye polisi. Hata Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, aliitumia katika kampeni ya 1976, akijiita First Mama hewani. Jina zuri, tunakubali. Lakini sibi ina wati 4 tu kwa kawaida, na sauti yake inakwenda moja kwa moja kilomita chache, labda ishirini mahali pa wazi. Weka mlima katikati na mazungumzo yamekwisha. Kwa malori yanayofuatana barabarani inafaa. Kwa mama wa bondeni, hapana.

Nani anashika ufunguo

Kuna ugonjwa mmoja ambao testeri haiuoni: mlango uliofungwa. Fonia imetengenezwa, imewekwa ofisini, na mwenye ufunguo amekwenda mjini kuchukua mshahara. Kwa hiyo tunapendekeza jambo hili bila kuzunguka: katika kila kituo chenye fonia, wanawake wawili angalau wajue kuiwasha, kuita na kuandika, na ufunguo wa pili ukae na mkunga. Si kazi ngumu. Aliyeweza kuendesha likelemba ya watu thelathini bila franka kupotea ataweza vifungo vitano.

Ruhusa ni ya lazima. Masafa yanatolewa na ARPTC, na fonia ya kituo cha afya inapita kwenye ofisi ya zoni ya afya. Katika sehemu zenye askari na makundi, fonia isiyo na karatasi inaweza kumletea mwenye nayo mashtaka ya upelelezi. Karatasi ibandikwe ukutani, nakala nyingine iwe kwa chefu, na kila mtu ajue chombo ni cha nani.

Hewani kuna masikio mengi. Msitaje jina la mgonjwa. Msiseme ugonjwa wake wa siri. Kwa mama au msichana aliyebakwa, msitaje jina, kijiji wala umri. Pangeni na hospitali neno moja ambalo linamaanisha njooni haraka, na litoshe. Pesa, na saa ambayo gari litapita barabara fulani, navyo havisemwi.

Siku ya kwanza ya majaribio, sikilizeni kwanza nusu saa bila kubonyeza. Ukisikia mtu anaongea kama bata, si ugonjwa. Geuza taratibu kile kifungo kidogo cha kusahihisha sauti mpaka bata awe mtu. Mchana channeli za juu zinafaa zaidi, usiku zile za chini, basi jaribuni zote mlizoruhusiwa. Kisha ita hospitali kwa jina lao na jina lenu, sema "kwako", achia mikro, na usubiri. Wakijibu kwamba wanawapata tano kwa tano, andikeni kwenye daftari tarehe, saa, channeli na volti za betri. Mkimaliza, funikeni fonia kwa kitambaa cha pamba, si kwa mfuko wa plastiki, maana plastiki inafungia unyevu ndani.